Dawa ya Kadhi

Jumapili, 8 Oktoba 1989. Moroni

Kadhi ameanza kunyonyoka manyoya ya utosini. Saoudat, binti yangu, ameyaokota sakafuni asubuhi akayaweka kwenye sahani, kana kwamba kuna mtu atakayeyarudisha mahali pake.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa nilisomea Unguja, na mkono wangu haujazoea lugha nyingine kwa mambo ya nyumbani. Kifaransa kwangu ni cha ofisi. Kiingereza nilikifundisha mpaka nikastaafu, na hata leo kila anayepata karatasi ya Kiingereza hapa mtaani Magoudjou huniletea nimsomee. Daktari amesema moyo wangu umechoka. Hakusema umebakiwa na muda gani, na mimi sikumwuliza. Nimeona niuandike msimu huu wa kaskazi, maana wa mwakani sina hakika nao.

Kadhi ni kasuku mweusi wa misitu yetu. Marehemu mke wangu, Moinafouraha, alimlea tangu kinda, akampa jina hilo kwa sababu ya lile joho jeusi na namna anavyomtazama mtu kabla ya kumjibu. Nilimwambia si adabu. Akasema, "Basi nimwite Mwalimu Elamine?" Jina likabaki la Kadhi.

Hasemi maneno. Anachojua ni kukohoa. Anakohoa kikohozi cha Moinafouraha, kile kifupi alichokuwa akiniamshia kwa sala ya alfajiri bila kuniita wala kunigusa. Tumemzika mwaka juzi, na bado naamshwa naye.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mvua bado. Maji ya mvua katika birika la uani yamebaki yale ya chini, yenye ladha ya bati la paa.

Jumanne, 17 Oktoba

Upara umeenea kichwa kizima. Ngozi iliyo chini yake imekuwa ya manjano, kama iliyopakwa bizari, na mdomo wake wa kijivu umepauka. Nadjati, jirani yetu anayeuza maandazi mlangoni kwake, aliingia kuazima mwiko akamwona.

"Kadhi wenu amevua kilemba," alisema.

Saoudat hakucheka.

"Sisemi kwa ubaya, dada. Ila manjano hayo nayajua. Marehemu mume wangu alianza hivyo hivyo machoni, na hakufika mbali."

Alipotoka na mwiko, Saoudat aliniuliza kama ni kweli. Nilimwambia Nadjati hajasoma udaktari. Hata hivyo tangu wakati huo simtazami ndege ila namwona mume wa Nadjati.

Jumapili, 22 Oktoba

Niandike kidogo kuhusu Toihir, mume wa Saoudat. Ni mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani, si wa kisiwa chetu hiki cha Ngazidja. Kazi yake ni kutunza ghala la chakula katika kambi ya walinzi wa Rais, yaani kwa wale wazungu wa kukodiwa walioingia mwaka 1978 na ambao tangu hapo wanaiendesha nchi hii, jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna alisemaye kwa sauti. Ndoa hii sikuipenda. Sikuipenda kazi yake, na, niseme kweli, sikupenda kuwa ametoka ng'ambo ile. Ni mtu mtaratibu. Hula polepole. Hata hilo huniudhi.

Nyumba hii ilikuwa ya Moinafouraha na sasa ni ya Saoudat. Ndivyo ilivyo kwetu, nyumba ni ya mwanamke, na mwanamume huingia na begi lake. Kwa hiyo mimi na Toihir ni wageni wa mtu mmoja. Nadhani ndiyo sababu hatupendi kukaa chumba kimoja.

Leo nimemwomba aniletee dawa. Kambini wanafuga kuku, na kuku wana dawa.

Ijumaa, 27 Oktoba

Toihir ameleta chupa. Saoudat hakuwepo, alikuwa kwenye harusi ya upande wa mama yake.

"Baba, hii ni ya kuku," alisema. "Yule mzungu wa kuku huitia kwenye maji yao mara moja, basi. Nimemwuliza habari za kasuku. Amesema hajui."

"Hajui kwa sababu hajasoma. Lete nione."

Maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Dawa ya minyoo ya kuku na bata.

"Jumatatu bwana mifugo anarudi kutoka kisiwa cha Mwali," alisema Toihir. "Tumwonyeshe kwanza."

"Jumatatu tutamwonyesha mzoga."

Akasimama kidogo, kisha akaiacha chupa mezani akarudi kazini.

Nimempa Kadhi dawa kama ilivyoandikwa.

Jumamosi, 28 Oktoba

Hakukohoa alfajiri. Niliamka jua limekwisha kutoka, nikajua kuna jambo.

Nilimkuta chini ndani ya tundu lake, mabawa wazi, shingo imepinda kama mtu anayetafuta kitu mgongoni mwake. Alikuwa akitetemeka. Alitapika, akatetemeka, akatapika tena, mpaka pakawa hapana cha kutoka ila ute. Vidole vya miguu vilijikunja ngumi. Nilimwita Saoudat. Nilitaka kumwita kwa sauti ya kawaida na ikatoka sauti nyingine.

Alikuja mbio na leso yake, akamtoa, akamfunga kama mtoto mchanga na kumweka kifuani. Akaketi sakafuni. Kila alipotetemeka ndege, naye Saoudat alitetemeka. Alimdondoshea maji kwa ncha ya kidole, tone moja moja, akawa anasema naye maneno ambayo mama yake alikuwa akisema naye. Tulikaa hivyo asubuhi nzima. Wali uliungua. Hakuna aliyeinuka.

Toihir aliporudi adhuhuri alisimama mlangoni. Saoudat alikuwa ameiona chupa mezani.

"Baba," akaniuliza, "nani kampa Kadhi dawa hii?"

Nikasema, "Toihir ndiye aliyeileta."

Kila neno lilikuwa kweli. Nililisema taratibu, kama nilivyokuwa nikisoma imla darasani.

Toihir alinitazama mimi, hakumtazama ndege. Nilingoja aseme. Saoudat akamgeukia.

"Wewe uliileta?"

"Ndiyo. Niliileta mimi."

"Kutoka kambini?"

"Kutoka kambini."

Akaingia chumbani kubadili shati. Basi.

Jumapili, 29 Oktoba

Yu hai. Hasimami kwenye kijiti. Anaketi juu ya kitambaa. Kikombe changu cha kahawa nimekikuta rafuni kimeoshwa. Sikumbuki kukitoa chumbani.

Alhamisi, 2 Novemba

Mvua imeanza na birika linaimba.

Siku ile niliandika kwamba nilimpa dawa kama ilivyoandikwa. Si kweli, na mtu asiyeweza kuandika ukweli katika karatasi zake mwenyewe hana haja ya kuandika. Karatasi ya chupa ilisema itiwe katika maji ya kunywa ya kuku wengi. Nilipiga hesabu ya ndege mmoja. Kadhi aliyaonja maji akayatema, maana ni machungu. Nikaponda ndizi mbivu ndani ya kikombe changu cha kahawa, nikaichanganya na dawa, akala kwa sababu ilitoka mkononi mwangu. Baada ya alasiri nilimtazama, nikaona kichwa kingali cha manjano. Nilidhani nimepunja. Nikaponda ndizi nyingine, nikatia dawa maradufu. Hilo karatasi haikulisema, wala Toihir, wala mzungu wa kuku. Nilijisemea mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma Kiingereza na wao walikuwa hawajasoma. Kikombe nilikisukuma chini ya kitanda.

Nitamwambia Saoudat kesho.

Ijumaa, 3 Novemba

Sikumwambia. Alikuwa amechoka.

Jumatano, 8 Novemba

Sikumwambia.

Jumanne, 14 Novemba

Saoudat amelihamishia tundu chumbani kwangu, kwa kuwa mimi ndimi niliye ndani mchana kutwa. Mkosaji amefanywa muuguzi. Namlisha papai kwa kijiko. Mguu mmoja umefunguka, wa pili bado umekunjika. Hakohoi. Mimi ndimi ninayekohoa sasa, kikohozi kirefu kinachoishia na mluzi kifuani, na kila nikikohoa hugeuza kile kichwa chake chenye upara na kunitazama. Sala ya alfajiri imenipita mara nyingi mwezi huu.

Jumatatu, 27 Novemba

Rais ameuawa usiku wa kuamkia leo, ndani ya makazi yake. Redio inatoa Kurani tu. Watu wanasema ni wale wale waliokuwa wakimlinda; wengine wanasema jeshi; na wote wanayasema haya kwa kunong'ona. Walinzi wenye sare nyeusi wako kila njia panda. Toihir hajarudi.

Jumanne, 28 Novemba

Karudi. Saoudat alimwuliza ameona nini. "Magunia ya mchele," alijibu. Alikula, polepole kama kawaida yake, na kijiko kilikuwa kikigonga sahani.

Jumanne, 5 Desemba

Nilikuwa dirishani nikamsikia Nadjati akiwahadithia wanunuzi wake.

"Wale wazungu sumu yao waliijaribu kwanza kwa ndege wa marehemu Moinafouraha. Mwulizeni Saoudat. Kasuku mzima, kichwa kikawa cha manjano, akaanguka. Na aliyeileta analala humo humo ndani."

"Yule wa Nzwani?"

"Mwingine nani? Maandazi mangapi, shangazi?"

Upara ulikuja kabla ya chupa. Nadjati aliuona mwenyewe, yeye ndiye aliyesema habari ya kilemba. Lakini hadithi imejipanga upya na sasa chupa imetangulia. Nilitaka kutoa kichwa nje nimsahihishe. Ningemsahihishaje bila kuanza mwanzo?

Ijumaa, 15 Desemba

Wamekwenda. Wanajeshi wa Kifaransa wameshuka na wazungu wa kukodiwa wamepandishwa ndege. Watu walijaa barabarani, wanawake wakapiga vigelegele. Mimi pia nilifurahi, nikajikokota hadi mlangoni. Ndipo nilipomwona Toihir akija kwa miguu, amevaa shati la kawaida, akipita katikati ya furaha ile kama mtu anayepita kwenye mazishi ya watu asiowajua. Teksi zilikuwa zikipita tupu, hakuna iliyosimama kumchukua.

Jumapili, 17 Desemba

Mtu ameandika kwa mkaa ukutani mwetu: Mbwa wa Wazungu. Saoudat aliyasugua maandishi kwa maji ya birika mpaka yakabaki doa. Kisha akaingia ndani, mikono ingali myeusi. Mimi nilikuwa kitini, Toihir alikuwa akimkatia Kadhi papai.

"Weka kisu," alimwambia. "Sokoni wananiuliza habari ya sumu. Msikitini wanawauliza wajomba zangu. Ulijua ile dawa ni ya nini?"

"Nilijua ni ya kuku."

"Na ukaileta kwa ndege wa mama yangu."

"Niliileta."

"Huna neno jingine, Toihir? Miezi miwili nangoja neno jingine."

Toihir aliniangalia. Si kwa kunihimiza. Alinitazama tu, kama mtu anavyotazama saa. Nilifikiria: nikisema sasa, itajulikana kuwa nimenyamaza miezi miwili mbele yake. Kila siku niliyonyamaza imeifanya iliyofuata kuwa nzito zaidi.

"Sina," alisema.

"Basi chukua begi lako."

Alilichukua. Mlangoni aliniaga, "Baba, dawa zako za moyo ziko karibu kwisha. Mkumbushe Saoudat." Akatoka.

Alhamisi, 21 Desemba

Tumesikia amepanda meli kurudi kwa mama yake Mutsamudu. Saoudat anasema ni vema. Amefua shuka zote za nyumba.

Jumatano, 27 Desemba

Asubuhi nilinyoosha mkono ndani ya tundu kubadili kitambaa, na Kadhi akaniuma, jambo ambalo hajapata kulifanya. Aliponipisha nikaliona. Yai. Jeupe, la mviringo, dogo kuliko la kuku.

Nilimwita Saoudat. Alilitazama sana.

"Kadhi ametaga?"

"Ametaga."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kitandani kwangu, akifuta machozi kwa ncha ya leso, na mimi nikacheka naye, kwa sababu Moinafouraha angecheka kuliko sote. Kadhi, joho lake na kilemba chake, miaka yote, kumbe ni mama.

Kisha akaondoka kwenda kumhadithia Nadjati, nikabaki mimi na ndege. Nikamtazama kile kichwa kitupu cha manjano. Hakikuwa kimebadilika kwa dawa wala kwa ugonjwa. Alikuwa amelala juu ya yai lake, ametulia, na rangi ile ilikuwa inang'aa kuliko siku zote. Nikaelewa. Manyoya yaliyoanguka, ngozi, mdomo uliopauka. Ndivyo majike yao wanavyokuwa wakifikia umri na msimu ukifika. Alikuwa amekua. Hakuwa na minyoo wala ugonjwa wa manjano. Alikuwa mzima, nami nilimtibu mpaka nikakaribia kumwua, kisha nikamwachia mtu mwingine jina la muuaji.

Mpaka leo nilikuwa na udhuru mmoja niliouficha hata humu, kwamba angalau nilikuwa najaribu kuokoa. Yai limenipokonya hata huo.

Ijumaa, 29 Desemba

Fundi Chamsidine, imamu wetu, maana kwetu mwalimu wa dini huitwa fundi, alinipitia baada ya sala, kwa kuwa siwezi tena kufika msikitini. Nilimweleza yote. Alisikiliza akichezea tasbihi, hakunikatiza.

"Umemwomba Mungu msamaha?"

"Kila siku."

"Na Mungu ni mwingi wa rehema. Lakini hili lina mwenyewe, Mwalimu. Mwenyewe yuko Mutsamudu, na hakunituma mimi nisamehe kwa niaba yake."

"Daktari amenikataza safari."

"Nimesikia." Akavaa viatu vyake. "Na desturi unaijua. Mwanamume aliyetolewa hajirudishi. Lazima mkubwa wa nyumba amfuate kwao. Katika nyumba hii mkubwa ni nani?"

Jumamosi, 30 Desemba

Nimemwambia Saoudat. Alikuwa akikuna nazi. Nilisema yote kuanzia kikombe mpaka kunyamaza, na mkono wake haukusimama mpaka nazi ikaisha na meno ya mbuzi yakawa yanakwaruza kifuu.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Ukanijibu kama unanisomea gazeti."

"Ndiyo."

"Nimemtoa mume wangu mlangoni, Baba, na watu wakanipongeza."

Nilisema nitakwenda Mutsamudu. Alisema hatanizuia na hatanisindikiza, na kama nikifia baharini atanililia, lakini si leo. Kisha akaniletea chakula, akakiweka mbele yangu bila kunitazama usoni. Nimekuwa nikila chakula cha mwanangu miaka mingi. Sikujua kinaweza kuwa kigumu kumeza.

Jumatano, 3 Januari 1990

Bado hanitazami.

Jumatatu, 8 Januari

Nguo zimefungwa. Hatimaye Saoudat aliingia chumbani akaziangalia dawa zangu moja moja, akaandika juu ya kila pakiti, kwa herufi kubwa, asubuhi au jioni na vidonge vingapi. "Usiongeze chochote," alisema. Nilifikiri ni utani, nikamtazama, na haukuwa utani.

Jumatano, 10 Januari. Mutsamudu

Sitaeleza bahari. Nililala juu ya magunia ya saruji, mama mmoja wa Domoni akanishika kichwa.

Meli ilipofunga bandarini nilishindwa kuinuka. Mahamali walipanda kutoa mizigo, na wa tatu kupanda alikuwa Toihir, kitambaa begani. Tangu arudi ndiyo kazi aliyoipata. Aliniona, akasimama.

"Saoudat mzima?" aliuliza.

"Mzima."

"Kadhi?"

"Ametaga yai."

Akaniangalia kama mtu anayehofia kwamba homa imenipanda kichwani. Kisha akawaita wenzake. Mutsamudu ya zamani, chini ya ngome, haipitiki kwa gari. Vichochoro vyake ni ngazi na kuta tu. Walinikalisha kwenye kiti cha mbao wakakibeba begani, huyu mbele huyu nyuma.

"Mzigo huu umelipiwa ushuru?" mmoja alipiga kelele.

"Huu wa Ngazidja, hautozwi," alijibu mwingine. "Wanatuletea bure."

"Uzito wote ni kichwa. Kasoma huyu."

Toihir alitembea kando akishika mkono wa kiti kwenye kona. Hakucheka, lakini hakuwanyamazisha.

Mama yake, Zaitoun, alitusubiri kizingitini. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho yasiyopepesa. Aliniletea maji kabla sijasema neno.

"Kunywa, mkwe. Haya ni ya mto. Najua kwenu mnakunywa mapaa."

Nilikunywa. Nikasema, "Mama Toihir, nimekuja kumwambia mwanao—"

"Usimwambie yeye. Yeye ni mpole, atakusamehe kabla hujamaliza, na mimi nitabaki na nini? Mwanangu alirudi na begi moja. Watu wa mtaa wakauliza ameiba nini huko. Wengine wakasema ametia watu sumu. Utasema kesho barazani, baada ya alasiri, mbele yao."

Alhamisi, 11 Januari

Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, wazee kwenye baraza la mawe, wanawake madirishani juu, Zaitoun mlangoni amekunja mikono. Nilisema kwa lugha ya Ngazidja, polepole, na pale waliponipoteza nilitumia Kiswahili, ambacho wazee wa biashara wanakijua. Nilieleza ndege, upara, chupa, kikombe, mara ya pili. Nilieleza jibu nililompa binti yangu. Nikasema Toihir aliniambia tungoje, nami nikakataa. Na kwamba alitolewa kwa kosa langu nikiwa nimekaa kitini natazama.

Kisha mzee mmoja mwenye kofia ya kushona akauliza, "Mwalimu, umevuka bahari na maradhi yote hayo kwa ajili ya kasuku?"

Wengine wakacheka. Kicheko kile kiliniuma, halafu nikaona kimefanya kazi ambayo maneno yangu hayangeweza. Kwa wiki nyingi hadithi ilikuwa ya sumu na kambi. Sasa ilikuwa ya mzee mmoja mjuaji na kasuku jike. Hakuna anayemwogopa mtu aliye ndani ya hadithi kama hiyo. Walimpiga Toihir mabegani wakipita. Zaitoun hakucheka. Aliingia ndani akapika.

Ijumaa, 12 Januari

Asubuhi Toihir aliniletea uji. Nilimwomba msamaha, peke yetu, kama ilivyopasa.

"Nilijua," alisema.

Sikumwelewa.

"Siku ile, nilipokwenda kubadili shati. Nilipita chumbani kwako. Kikombe chako kilikuwa kimechungulia chini ya kitanda, kina ndizi, kinanuka dawa. Nikakiosha."

"Ulikiosha wewe?"

"Kabla Saoudat hajakiona."

Uji ulikuwa umeanza kushika utando. Nilimwuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema, ingekuwaje? Asingekutoa, wewe baba yake. Ila ungebaki mle ndani ukipikiwa na mtu asiyekutazama. Mimi nikitoka, nina kwa mama. Wewe huna kwingine." Akakoroga uji wangu akanirudishia kijiko. "Lakini usinifanye walii, Baba. Nilikasirika. Melini nilikuapiza njia nzima. Nilipofika nilikuwa nasema, atakuja. Kila meli ikifunga natazama. Baadaye nikasema, hatakuja, nikawa natazama mizigo tu."

Miaka yote niliuona utaratibu wake kama uzito wa akili. Alikuwa anapima kila neno litamwangukia nani. Nilifundisha watu kusoma maisha yangu yote, na huyu tulikula sahani moja bila mimi kumsoma.

Jumapili, 21 Januari

Toihir amesafiri kwenda Moroni. Nilimfuata kwao, nikamwomba mbele ya watu wake arudi. Mengine ni yake na Saoudat. Mimi daktari wa hapa amenikataza hata kushuka ngazi za nyumba. Zaitoun amenitandikia katika chumba cha mwanawe.

"Ulimtoa wangu kwako," alisema akipiga mto. "Sasa lala mahali pake uone palivyo."

Pana dirisha dogo, na harufu ya maua ya langilangi huingia jioni. Pazuri.

Jumatano, 31 Januari

Mvua kutwa. Miguu imevimba. Zaitoun ananisuta kila siku na ananilisha kila siku. Nimeacha kuona tofauti.

Jumamosi, 10 Februari

Nimechoka, nitaandika kwa ufupi.

Hamali mmoja ameleta kanda kutoka Moroni. Zaitoun aliitia kwenye redio yake ya kanda, akaiweka karibu na kichwa changu, akarudi jikoni. Ilikuwa sauti ya Saoudat. Anasema mvua imejaza birika. Anasema Toihir amerudi, amepata kibarua bandarini, na bado anakula polepole mpaka anataka kumnyang'anya sahani. Anasema yai halikuanguliwa, wakalizika chini ya mpapai, na Kadhi ameanza kuota manyoya kichwani. Mguu umefunguka.

Kisha akasema, "Baba, sikiliza. Tangu juzi ameanza. Nanyamaza umsikie."

Kanda ikakwaruza. Nikasikia sahani, teksi ikipita mtaani, halafu kikohozi. Niliinua kichwa. Nilikuwa nikingoja kile kifupi, cha alfajiri. Hiki kilikuwa kirefu, kizito, na mwisho wake kilipiga mluzi.

"Hiki si cha mama," alisema Saoudat, na sauti yake ilikuwa karibu sana na redio. "Ni chako. Alfajiri ndicho kinachotuamsha."

Sijui nilikaa vipi baada ya hapo. Kifua kilinijia juu, nikakohoa, na kanda nayo ikakohoa.

"Mwalimu," Zaitoun aliita kutoka jikoni, "umekohoa wewe au redio?"

Nikamwambia, sote wawili.